Togwa Isiyoonjwa

Fuso la makaa ya mawe lilikata kona ya Lituhi, kando ya ziwa, nusura lipinduke.

Ephrasia Ndunguru, askari wa kikosi cha kupambana na magendo, hakupunguza mwendo. Tangu mgodi wa Ngaka, Land Cruiser yake ilikuwa inakula vumbi la wasafirisha magendo hawa, na alikuwa amechoka nalo.

Bastola yake ya Glock ikalia mara moja. Tairi likapasuka, Fuso likavamia vichanja vya kuanikia dagaa wa usipa na kuzima. Dereva akanyoosha mikono bila kuombwa.

Chini ya makaa kulikuwa na mapipa yaliyoandikwa dawa ya kahawa. Moja lilikuwa limefunguliwa na kuchotwa.

Simu ya setilaiti ikaita. Alikuwa Eliza, mkemia wa kikosi, kutoka Mbinga.

"Usiguse mapipa, dada. Nimepima sampuli ya Ngaka. Siyo dawa ya kahawa. Inavuruga neva za uti wa mgongo. Zinaiamrisha misuli ikaze, ikaze, haziachi, mpaka seli zenyewe zinakufa. Mate yanamtoka mtu, anatetemeka, kisha kifua kinagoma."

"Tiba?"

"Atropini. Ukiwahi."

Alipokata simu alimwona Bartholomayo amekaa kwenye kivuli cha boti, kibuyu miguuni. Huyu ndiye mkuu wake. Alimfundisha kulenga, akasimama kama baba siku ya ndoa yake. Ephrasia alifurahi kumwona, furaha ya kijinga kabisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekauka. Kunywa togwa."

Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.

Ephrasia hakukipokea. Mwenyeji huonja kwanza, ndiko kutoa uchawi, na mzee huyu hakuwahi kumpa hata maji bila kuyagusa kwa midomo yake. Tena, nani alimwambia kwamba Fuso linakuja Lituhi?

"Hujatoa uchawi, baba."

"Leo tuna haraka."

"Onja."

Bartholomayo akatazama ziwa.

"Wenye mapipa waliniapia sumu hii ni ya haraka," alisema. "Kwamba hutaumia."

"Nimeshaumia."

Ephrasia akakipokea kikombe taratibu, akakifunika kama ushahidi, kisha akamfunga pingu mtu aliyemfundisha kuzifunga. Polisi wa majini, walioitwa na Eliza, walikuwa wamekwisha kuizingira boti ile iliyosubiri mapipa.

Njiani kurudi kwenye gari, mama mmoja muuza togwa alimwonea huruma kwa vumbi lile. Akachota kikombe, akapiga funda moja, ndipo akampa.

Ephrasia alikunywa yote, machozi yakimtiririka. Akashukuru, akavaa miwani yake ya jua, akaenda zake.