Madirisha ya Upande wa Njia ya Ng'ombe

Kama hujafundisha watoto wa wafugaji, hujui kelele. Katika kijiji kimoja cha Kenyamonta, njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji lamboni ilipita karibu na darasa la saba. Ng'ombe wakipita, darasa zima lilisimama madirishani.

"Mura, yule fahali mwekundu ni wa kwetu," mvulana mmoja alimwambia mwenzake.

"Wa kwenu amekonda. Subiri uone wetu."

Hesabu zilibaki ubaoni peke yake. Mwalimu Joram alikunja mikono akasubiri ng'ombe waishe.

Wazazi walichoka na jambo hili. Waitara, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule, akasimama mkutanoni. "Mtoto hawezi kutazama asichokiona," alisema. "Tuzibe madirisha ya upande wa njia." Watu wakampigia makofi. Mwalimu Joram naye alipiga, maana alikuwa amechoka kuliko wote.

Waitara akaziba madirisha yote ya upande ule kwa tofali na saruji. Kisha akapanda ngazi, akaziba na nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na bati, kwa sababu popo walipitia pale. Ukuta ulinyooka vizuri. Darasa likatulia. Kila mtu alifurahi, na mimi siwalaumu, maana ukimya wa darasa ni mtamu.

Lakini watoto walianza kusinzia.

Mmoja wao alikuwa Mokami, binti wa Waitara mwenyewe. Mokami alikuwa hodari wa hesabu, na alitamani sana kwenda sekondari. Sasa kila mchana kichwa kilimuuma. Matokeo ya jaribio yalipokuja, alikuwa karibu na mkia.

"Wewe unalala darasani?" baba yake aliuliza.

"Sitaki kulala, tata. Usingizi unakuja wenyewe."

"Usingizi hauji kwa mtu anayefanya kazi. Sikiliza. Ukifeli mtihani, utakwenda Sirari kwa shangazi yako, umsaidie dukani. Sitahangaika na mtoto mvivu."

Mokami aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Mama yake, Scholastica, aliumia kumwona vile.

"Baba Mokami, usimhukumu mtoto kabla hujajua anaumwa nini," alisema. "Kesho nampeleka zahanati."

Zahanati walimkuta nesi Teresia. Walikuwa majirani, na mtoto wa Teresia alisoma shule ileile. Nesi alimpima Mokami malaria. Hakuwa nayo. Akampima macho. Yalikuwa mazima. Basi akavuta kiti, akaketi.

"Kichwa kinaanza kuuma wakati gani, mwanangu?"

"Mchana, tukiwa darasani."

"Na Jumamosi, ukiwa shambani juani?"

Mokami alifikiri. "Jumamosi hakiumi."

"Hata wangu nyumbani analalamika hivyohivyo," alisema Teresia. "Wenzako darasani je?"

"Wengi wanasinzia. Kuna joto sana. Tukitoka nje tunapona."

Teresia alimtazama Scholastica. "Mama Mokami, umefanya vizuri kumleta. Kichwa kikiuma mara kwa mara, lazima mtu apimwe. Lakini naona ugonjwa huu uko kwenye jengo. Mwambie mzee tukutane shuleni Jumamosi."

Waitara alikuja huku amenuna. Mwalimu Joram alifungua darasa. Lilikuwa tupu, lakini joto la bati liliwapokea mlangoni. Teresia alikuwa amebeba karai lenye majani makavu. Aliliweka katikati ya chumba, akawasha moto kidogo.

"Nesi, unataka kutuchomea shule?" aliuliza Waitara.

"Hapana, mzee. Nataka uone hewa inavyokwenda. Hewa haionekani, lakini moshi unaonekana. Tazama juu."

Moshi ulipanda mpaka kwenye bati. Ukatanda pale juu, ukaanza kushuka taratibu. Kidogo tu ulitoka kwa madirisha ya upande mmoja yaliyobaki. Waitara akakohoa.

"Umeona?" alisema Teresia. "Hewa ya moto hupanda juu. Pale juu umeiziba. Upepo wetu wa mchana hutoka mashariki, upande wa njia. Huko nako umeziba. Hewa safi haiingii, na iliyochoka haitoki. Watoto wengi wanavuta hewa ileile mpaka jioni. Ndiyo maana vichwa vinauma na usingizi unakuja. Na mmoja akiwa na kifua kikuu au mafua, wenzake wataambukizwa upesi."

"Sasa madirisha ya upande huu mwingine hayatoshi?"

"Mama Mokami akipika ndani, akafungua mlango tu, moshi unatoka?"

"Unabaki. Mpaka afungue na dirisha la ng'ambo."

"Basi umejijibu. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea, pande mbili zinazotazamana."

Waitara alimkumbuka Mokami akilia, naye kamwita mvivu. Moyo ulimuuma. Akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, una nyundo?"

Alibomoa dirisha moja papo hapo. Tofali zilipoanguka, upepo uliingia, na moshi ukasukumwa kuelekea madirisha ya upande wa pili. Ulipungua wakiutazama. Waitara alisimama pale na vumbi usoni, upepo ukimpiga kifuani.

Wazazi waliitwa. Mzee Kisyeri, mmoja wa wafugaji, hakukubali upesi. "Mkifungua, watoto watahesabu ng'ombe badala ya hesabu," alisema, na watu wakacheka.

"Shikamoo mzee," alijibu Waitara. "Ni kweli wanatazama ng'ombe. Lakini sisi tuliwafungia watoto, ng'ombe tukawaacha huru. Tulikosea. Mimi ndiye niliyewaongoza kukosea. Wa kuhamishwa ni ng'ombe. Wapite bondeni, nyuma ya kanisa."

"Bondeni ni mbali."

"Ng'ombe wana miguu minne, mzee."

Kisyeri alicheka mwenyewe, akakubali.

Madirisha yote yalifunguliwa. Nafasi ya juu ilifunguliwa pia, ikawekwa wavu ili popo wasiingie. Mwalimu Joram aliwapanga watoto kufungua madirisha kila asubuhi, kabla jua halijachoma bati. Aliagiza yasifungwe mpaka watoto waondoke, isipokuwa mvua ikipiga ndani. Joto halikuisha lote, maana bati ni bati. Lakini watoto waliacha kusinzia, na kichwa cha Mokami kilipona bila dawa.

Mtihani wa darasa la saba ukaja, katika siku za jua kali. Mokami alirudi nyumbani jioni, baba yake akamfuata uani.

"Usingizi ulikuja?"

"Haukuja, tata. Nilimaliza maswali yote."

Matokeo yalipotoka, Mokami alichaguliwa kwenda sekondari. Scholastica alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Waitara alisubiri wapungue, kisha akamwita binti yake karibu.

"Nilikuita mvivu," alisema. "Hukuwa mvivu. Nisamehe, mwanangu."

Mokami hakuwahi kusikia baba wa pale kijijini akimwomba mtoto msamaha. Alimshika mkono tu, wakakaa hivyo mpaka mama alipowaita kula.