Wajina Wawili wa Chiriku

Kila jioni Chiriku aliokota pini sakafuni huku mama yake, fundi cherehani, akimalizia nguo za wateja. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Jioni hiyo mdomo ulikuwa na habari njema. Mwalimu wa historia aliwataka wanafunzi wasimulie juu ya mtu mashuhuri wa zamani aliyekuwa wajina wao, na yeye ndiye aliyechaguliwa kusimulia mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

Alisimama katikati ya vitambaa, akaanza. Malkia mmoja, wajina wake kwa jina lake halisi, aliongoza vita dhidi ya wavamizi, kisha akaweka mkuki chini na kufungua zahanati ya kwanza ya wazazi mjini. Bibi, aliyekuwa akifumua mishono ya gauni kuukuu, alicheka hadi akakohoa.

"Mke mwenzangu, yule aliyefungua zahanati alikuwa mkunga, hakuwahi kushika mkuki. Alikuwa akikimbia hata panya. Lakini ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, na jina lako nilikupa kwa heshima yake."

Chiriku akanywea. Vitabuni alikuta wanawake wawili wenye jina lake, malkia na mkunga, waliopishana miaka mingi. Aliwaunganisha ili hadithi inoge, na darasa zima likampigia makofi. Sasa akisema kweli, huenda nafasi ikaenda kwa mwingine. Aliona aibu, na bado aliitaka ile nafasi.

Alipokiri, mama hakumgombeza. Alisimamisha cherehani, akasema, "Ukichukua nguo za watu wawili ukashona moja, hata ikipendeza vipi, kuna mtu umemwacha uchi."

Asubuhi Chiriku alijikaza, akamweleza mwalimu kila kitu. Mwalimu akamwambia ataigombea nafasi hiyo upya. Chiriku hakulia wala kuomba huruma. Alirudi maktaba, akamhoji bibi, akaandika na kufuta mpaka kila mwanamke akawa na maisha yake mwenyewe. Alisimulia tena darasani, akaipata nafasi yake kihalali.

Siku ya kufunga shule ilipofika, alimaliza hivi: "Wa kwanza aliulinda mji. Wa pili alimpokea bibi yangu."

Kule viti vya nyuma, bibi alisimama bila kuitwa ili watu wamwone. Makofi yalipotulia, mwalimu aliwaambia wote kwamba marehemu hawawezi kuja kujitetea, kwa hiyo anayewasimulia ndiye wa kuwatendea haki.