Baba wa Perrette na Mchuuzi kutoka Bretani

Kila asubuhi Perrette alifagia maranda katika karakana ya baba yake, kisha akachukua ndoo na kwenda kisimani. Baba yake, Gautier, alikuwa fundi mapipa, na katika mji ule mdogo wa jimbo la Normandi, Ufaransa, hakuna aliyemfikia kwa kazi safi.

Asubuhi hiyo kisimani palichangamka. Ulikuwa umetimia mwaka mmoja tangu askari wa mfalme wa Ufaransa wawafukuze Waingereza, baada ya vita vilivyodumu zaidi ya miaka mia, na kesho yake ilikuwa sikukuu ya kuukumbuka ushindi huo. Raoulin, mtundu wa mtaa, alikuwa akishindilia majani makavu ndani ya suruali kuukuu ili kutengeneza sanamu.

"Huyu ni Mwingereza," alitangaza. "Bado mkia tu."

"Mkia?"

"Kwani hamjui? Waingereza wote wana mikia. Wanaikunja ndani ya suruali. Ndiyo maana hawawezi kukaa kitako vizuri!"

Watoto wakavunjika mbavu. Perrette naye alicheka, lakini akainamia ndoo yake ili uso wake usionekane. Baba yake aliingia mjini humo zamani akiwa mpiga mishale wa mfalme wa Uingereza, wakati huo akiitwa Walter, jina ambalo kwa Kifaransa ni Gautier. Alimpenda mama yake Perrette, akamwoa, na wenzake walipoondoka yeye akabaki, akala kiapo kwa mfalme wa Ufaransa.

"Na baba yako je?" Raoulin akamgeukia. "Mbona anaongea kama ana uji mdomoni?"

"Ni Mbretoni wa jimbo la Bretani," Perrette akajibu haraka. "Kwao wote wanaongea hivyo."

Raoulin akaruka kwa furaha. "Bahati iliyoje! Yule mchuuzi wa vitambaa aliyefika jana anatoka Bretani. Twendeni tuwakutanishe!"

Perrette hakupata hata nafasi ya kupinga. Watoto walimvuta mchuuzi kwa mikono hadi karakanani. Mzee wa watu, kwa furaha ya kuonana na mtu wa kwao, alimkumbatia Gautier na kummwagia Kibretoni mfululizo. Gautier alisimama na nyundo mkononi, uso umemwiva. Hakuelewa hata neno moja. Majirani wakaanza kujaa mlangoni.

"Jamani, umeisahau lugha ya mama yako?" mchuuzi akauliza kwa huzuni, sasa kwa Kifaransa.

Gautier alimtazama binti yake, akaelewa yote. Aliinamisha kichwa tu, na Perrette hakuwahi kumwona baba yake ameinamisha kichwa mbele ya mtu.

"Mwacheni!" Perrette akapaza sauti. "Si Mbretoni. Ni Mwingereza! Nilidanganya kwa sababu niliona aibu. Baba, nisamehe."

Macho yote yakamgeukia Gautier. Kisha Raoulin akauliza polepole, "Kwa hiyo... mkia anao?"

Gautier akawageuzia mgongo na kupandisha ncha ya shati. "Utafute, kijana. Ukiupata, pipa zima la juisi ya matufaha ni lako."

Karakana nzima ikalipuka kwa kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa Mama Thomasse, bibi yake Raoulin, ambaye vita vilimnyang'anya kaka wawili.

"Eti siri!" akasema akifuta machozi. "Wakubwa wote wa mtaa tunajua, Perrette. Akijigonga kidole analalamika kwa Kiingereza!"

Akamkalisha Perrette juu ya pipa, akamwita na Raoulin.

"Sikilizeni, wajukuu zangu. Bibi yangu mimi akiulizwa ni nani, alitaja mtaa huu na bwana mwenye ardhi aliyoilima, basi. Hakujiita Mfaransa hata siku moja. Ni vita vilivyotufundisha kusema 'sisi', kwa sababu tuliteseka pamoja na tukashinda pamoja. Ni neno tamu, na kesho nitalitangaza mpaka sauti inikauke. Lakini, Perrette, usilinunue kwa uongo. Leo ukimkataa baba yako ili uwe mmoja wetu, kesho utatukataa na sisi. Nawe Raoulin, aliyechagua kubaki nasi usimhesabie mikia."

"Samahani, fundi," Raoulin akasema, masikio yamemwiva. "Kesho utatembea na sisi?"

"Nitatembea."

Kesho yake kengele zililia tangu alfajiri, na mji mzima ukamiminika barabarani. Gautier alitembea na mafundi wenzake, mshumaa mkubwa mkononi. Msichana wa kijiji cha jirani akamgusa Perrette bega.

"Yule mrefu mwenye lafudhi ya ajabu ni nani?"

"Ni baba yangu," Perrette akajibu kwa sauti ili kila mtu asikie. "Ni Mwingereza wa mtaa wetu."