Mashina Saba ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ana maneno machache na masharti mengi. Siku alipokwenda kutibiwa macho, alinishika mkono mlangoni.

"Maua yangu ni mashina saba," alisema. "Nikirudi, nataka niyaone kwa macho yangu mwenyewe. Hapo ndipo nitajua nimepona."

"Usiwe na wasiwasi, Mama. Utayakuta."

Angekaa miezi miwili kwa wifi yangu, karibu na hospitali.

Maua yenyewe ni dayanthasi fupi. Hayazidi shibiri moja kwenda juu. Mimi ni fundi cherehani, nayapenda kwa sababu kingo zake zina meno meno, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wa zigizaga.

Basi, nikawa nayamwagilia kila asubuhi. Mume wangu, seremala, akawa anayamwagilia kila jioni akitoka kazini. Hatukuambiana. Kisha akaleta maranda ya mbao, akayarundika kwenye mashina ili udongo usikauke.

Wiki ya tatu majani yakawa ya njano. Shina moja likalala. Nililigusa tu, likang'oka mkononi. Chini lilikuwa limeoza. Kesho yake likafa la pili, halafu la tatu.

"Umeyafanya nini maua ya mama yako?" nilimkaripia mume wangu.

"Mimi? Nayamwagilia kila siku!"

"Kila siku? Hata mimi!"

Jioni hiyo hiyo wifi akapiga simu. Jicho la Mama lililotibiwa kwanza bado lilikuwa na ukungu. Niliogopa mno. Nilimkimbilia jirani yetu anayeuza miche, yule ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Miche.

Alichomeka kidole udongoni, akaguna.

"Jamani, kwani huu ni mpunga? Mnayazamisha!"

"Tufanye nini, Bi Miche?"

"Kwanza ondoeni maranda. Yanalowesha shina mpaka linaoza. Haya yanataka jua, na udongo usiotuamisha maji. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole. Pakiwa na unyevu, acha. Pakiwa pakavu, mwaga maji chini, si juu ya majani."

Tuliinua tuta, tukachanganya udongo na mchanga, tukayapanda upya yale manne yaliyobaki.

"Sasa lete mkasi," alisema Bi Miche. "Kata maua yote yaliyonyauka."

"Nikate? Mama aliniambia niyatunze!"

"Huko ndiko kuyatunza. Usipokata, mmea unahangaika na mbegu, hauchanui tena. Kata hapa, juu ya majani."

Nakata vitambaa vya watu kila siku bila woga. Siku hiyo nilikata ua moja moja, nikimtazama Bi Miche kila mara. Nilipomaliza, halikubaki ua hata moja, majani matupu. Mume wangu alishika kichwa.

Tangu siku hiyo mmwagiliaji akawa mmoja tu, mimi. Kila asubuhi nilichomeka kidole. Wiki moja ikapita bila kitu, na ya pili pia. Wiki ya tatu nikaona vitumba vidogo vya kijani. Sikuthubutu hata kuvigusa.

Mama alirudi asubuhi, amevaa miwani nyeusi, ameshikwa mkono na wifi. Hakutaka kuingia ndani. Alitaka apelekwe bustanini.

Maua yalikuwa yamechanua, mekundu na ya waridi. Mama alivua miwani. Mume wangu alinibana mkono mpaka ukauma. Je, kama haoni?

"Mama?" niliita.

Aliinua kidole polepole.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Kisha akageuka, akanikazia macho.

"Niliacha mashina saba. Matatu yako wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nililia na kucheka kwa pamoja, nikamkumbatia.

"Mama, unaona! Unaona!"

"Ndiyo, naona," alisema. "Ndiyo maana nauliza."