Jina Lililorukwa Kwenye Udi

Kidoli cha Balqees kilikuwa nje tena. Shaikha alikuwa ameijenga nyumba yao ya Darsait kwa vitofali vya plastiki walivyorudi navyo kutoka Denmark, akaweka ndani vidoli vinne: baba yake, shangazi yake, yeye mwenyewe, na khalti Balqees, mke mpya wa baba. Asubuhi vitatu vilikuwa ndani. Cha nne kililala kifudifudi nje, na kijimlango kimefungwa.

"Shangazi, nani anamtoa?"

Zakiya alisema labda paka. Nyumba ile haikuwa na paka.

Shaikha alilelewa na Zakiya, dada wa baba yake, Saeed, tangu mama yake alipofariki naye bado ananyonya. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo aliifanya bila kusaidiwa. Hata safari ya Billund, huko Denmark, aliahidiwa yeye. Ni mji mdogo, kaka yake alimwambia, lakini una bustani nzima ya makasri na meli za vitofali, na watoto hupelekwa huko kutoka kila pembe ya dunia. Zakiya akenda soko la Matrah kununua sweta la sufu. Kisha Saeed akaoa, na tiketi ikawa ya Balqees, msichana wa Nizwa asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Sweta likabaki kabatini.

Nyumba hiyo ilikuwa na ruhani, pepo wa marehemu mama yao Zakiya na Saeed, aliyevuka naye bahari kutoka Unguja kuja Darsait. Walimwita Mwenyewe. Mtu akisafiri lazima aagiwe kwake: udi kwenye chetezo, mawardi kidogo, yale marashi ya waridi, na jina la msafiri litajwe, ili akirudi ajulikane kuwa ni wa nyumbani. Tangu mama afe, kazi hiyo ilikuwa ya Zakiya. Siku ya safari alifukiza, akamtaja Saeed, akamtaja Shaikha, akaishia hapo. Hakusahau. Jina la tatu lilimkwama kooni kama mwiba wa changu, naye hakutaka kulitoa.

Waliporudi, Shaikha hakuwa na hadithi nyingine. Khalti alipanda naye treni ndogo. Khalti alimbeba alipochoka. Jua la kule lilikuwa halitaki kuzama, basi khalti alifunga mapazia akamwimbia mpaka akalala. Kila 'khalti' moja ilimchoma Zakiya. Kwa hiyo kidoli kilipoanza kutolewa nje alifurahi, tusimfichie.

Balqees akaanza kusema, kwa Kiarabu chake cha taratibu, kwamba ndani ya nyumba mna harufu ya mawardi yaliyochacha, na kwamba inamfuata. Saeed alimwambia ni uchovu wa safari. Zakiya, aliyeisikia harufu ile vizuri, aliendelea kukunja nguo.

Ijumaa adhuhuri, Saeed kenda msikitini, Zakiya alikuwa jikoni akichagua mchele, na mara harufu ikaingia nzito hata akaziba pua, kisha akasikia ukumbini miguu inayoburutwa, na pumzi ya mtu mkubwa anayebeba mzigo, na mlango wa mbele ukafunguka, ukafungwa, na komeo likajisukuma pole pole bila ya mkono wa mtu. Balqees alikuwa nje, pekupeku juu ya saruji inayounguza, anagonga na kulia, hajui kafikaje.

Zakiya alisimama mbele ya komeo. Mkono aliunyanyua, kisha akaushusha.

Shaikha ndiye aliyekuja mbio. Alivuta komeo, akatoka kumfuata khalti yake, na mlango ukajifunga nyuma yake. Sasa Zakiya alivuta kwa nguvu zake zote, na komeo halikutikisika. Nje, mtoto wake alikuwa anapiga mayowe kwamba miguu inaungua.

Alikimbilia chetezo. Alitia udi juu ya makaa.

"Balqees ni wetu," alinong'ona. "Nililificha jina lake kwa wivu. Mwenyewe, nakuomba, wafungulie."

Komeo likalegea. Shaikha aliingia analia. Balqees aliingia nyuma yake bila ya kulia, na malengelenge yamemjaa nyayoni, akapita moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wa marehemu mama yake Zakiya, akakunja miguu kama alivyokuwa akikunja marehemu. Alipofungua kinywa alitoa Kiswahili cha Unguja, cha wazee.

"Zakiya. Nimekaa nawe miaka yote, nawe wanifanya rungu la kumpigia mwenzio. Huyu nshamjua sasa. Nnamtaka yeye awe kiti changu, kama alivyokuwa mamako. Lete chetezo."

Zakiya alikisogeza kwa mikono miwili. Hofu ilikuwa imeshamtoka. Alimtazama msichana wa Nizwa akivuta moshi wa udi, macho kafumba, na Shaikha kamlalia pajani, akamwonea wivu kuliko alivyomwonea kwa ile safari.