Kistari cha Mama

Kila asubuhi Msusi hufungua saluni yake, ambayo ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Hupanga vitana, hufagia nywele za jana, huwasha redio. Kisha huchungulia chumba cha nyuma. Kitanda cha mama yake kimetandikwa vizuri. Tangu msiba hakuna aliyekilalia, na hakuna aliyethubutu kukitoa.

Mama alilazwa kwa presha. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alipewa dawa mpya, na dawa hizo zilimtia kizunguzungu kila alipoinuka. Hospitali haikujua kwamba alikuwa ameanza kusahausahau, wala kwamba huamka peke yake kutafuta choo. Ofisi ya ustawi wa jamii ilijua, maana ilikuwa ikimletea msaidizi wa kumwogesha. Lakini ustawi nao hawakujua habari ya dawa. Kila upande ulikuwa na nusu ya habari. Alfajiri moja mama alianguka, akavunjika nyonga, na hakuinuka tena.

Kuna jambo ambalo Msusi hakuwahi kumwambia mtu. Siku mama anatoka hospitali, muuguzi alimwuliza Msusi hali ya mama nyumbani. Msusi alijibu, "Hajambo tu." Aliona aibu kusema kwamba mama anajikojolea.

Siku moja afisa wa ustawi aliingia saluni, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakuja kusuka. Alitoa pole, kisha akasema kuwa kuna watafiti wanaotaka kuunganisha taarifa za hospitali na za ustawi. Wanataka kujua kwa nini wazee wengi huanguka wakishatoka wodini. Familia isiyotaka ina haki ya kukataa.

"Basi mimi nakataa, dada," Msusi alisema. "Mama nimeshamsitiri. Sitaki atembezwe midomoni mwa watu."

Hakuwa akijitia ukali bure. Zamani mwanafunzi mmoja aliyekuwa akifanya utafiti alipewa nakala za mafaili ya zahanati, akaziweka kwenye simu. Simu ikaibwa. Ugonjwa wa jirani yao ukafika saluni kabla Msusi hajamaliza kusuka kichwa kimoja. Jirani yule alihama mtaa kwa fedheha.

Afisa alikijua kisa hicho. "Kosa lile lilikuwa letu, mdogo wangu. Tulikuwa tunagawa nakala, na nakala ikishatoka huijui ilikokwenda. Siku hizi hatugawi. Mtafiti ndiye anayezifuata taarifa zilipo."

Akamweleza pole pole. Mtafiti huomba kibali na kutaja swali lake. Kamati, ambayo ndani yake wamo wananchi wa kawaida, hupima kama swali hilo lina faida kwa watu. Majina, simu na anwani huondolewa kwanza. Mtafiti huingia chumba maalumu, simu anaiacha mlangoni. Kompyuta ya humo haina intaneti, wala haina pa kuchomeka flashi. Anachotoka nacho ni majumlisho tu, yaani idadi ya watu kwa jumla, nayo hukaguliwa kabla ya kutolewa.

Msusi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alitua kitana.

"Mtaa huu bibi wa umri wake aliyevunjika nyonga ni yeye peke yake. Jina la nini tena hapo?"

"Umeuliza la maana," afisa alisema. "Watu wakiwa wachache hivyo, namba yao haitolewi. Panawekwa kistari. Na mtafiti akijaribu kumtafuta mtu, ananyang'anywa kibali na kushtakiwa. Sikudanganyi kwamba hatari imekwisha kabisa. Ila tumeibana."

Mdogo wake Msusi alikuwa pembeni akitengeneza feni. Kwa wembamba wake, watu walimwita Bonge kwa utani.

"Dada," alimwambia Msusi, "mama hakuwahi kumnyima mtu kitu."

Msusi alilia waziwazi, mbele ya mgeni. Alipotulia alisema hakatai tena. "Lakini andikeni na ukweli. Nilisema hajambo. Hakuwa hajambo." Akaeleza yote aliyoyaficha.

Utafiti ulichukua muda mrefu. Siku hizi mzee hatoki wodini kabla muuguzi hajawapigia simu ustawi, na dawa zake huangaliwa upya. Fundi viatu, mzee wa nyumba ya pili, alirudi juzi kutoka hospitali akakuta kiti cha choo kando ya kitanda na mtu wa kumshika mkono. Sasa anamtania Msusi kwamba atakuja kusukwa mvi zake tatu. Msusi hucheka naye. Akiingia ndani hulia, kwa sababu simu moja tu kama ile ingemwokoa mama.

Matokeo yalibandikwa ukutani pale zahanati. Ndugu hao wawili walikwenda kuyaona. Watu walikuwa wamejaa, wanasoma na kusogea. Bonge aliutafuta mtaa wao kwa kidole. Mitaa mingine ilikuwa na namba. Wa kwao ulikuwa na kistari.

"Hawakutuweka," Bonge alisema kwa unyonge.

Msusi aliweka kidole juu ya kile kistari, akakiacha hapo kidogo.

"Wametuweka," alimnong'oneza. "Mama ndiye huyu."

Mtu wa nyuma yao aliomba kupita asome. Msusi alimpisha. Yule mtu alipitisha macho juu ya kistari, akaendelea na mitaa mingine.