Nilifuta Dunia ya Mdogo Wangu Ili Watu Wacheke

Nina miaka thelathini na moja. Naishi chumba kimoja Pangani, hii ya Kibaha, na kazi yangu ni kufyatua matofali kwa watu. Sina mke. Mama yangu yu hai, lakini nikimpigia simu hunijibu kama anavyomjibu mtu aliyekosea namba... Wasomaji wenzangu, siandiki haya ili mnionee huruma. Mkimaliza kusoma mtaona wenyewe kwamba siistahili.

Kwetu ni Marui, Kisarawe. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, akatuacha mimi na mdogo wangu wa kike, Zuhura. Mama akalima mihogo, akaokota korosho, akatulea.

Zuhura alikuwa na miaka kumi na saba siku niliyompakia kwenye pikipiki ya kuazima kutoka Kisarawe mjini kurudi nyumbani. Alinishika bega, akasema, "Kaka, punguza." Sikupunguza. Tulipofika penye mchanga pikipiki ikayumba, tukaenda chini. Mimi nilichubuka kiwiko tu! Zuhura aliumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo hajasimama tena.

Hakuwahi kunilaumu, hata mara moja. Mnajua inavyouma kutolaumiwa?

Nilipopata kazi ya kusimamia chumba cha magemu Kibaha, nilimnunulia mashine ya gemu iliyokwishatumika, pamoja na gemu moja la ramani kubwa. Ni aina ile ambayo unaachiwa dunia nzima uzurure upendavyo... milima, mito, vijiji, masoko, farasi wa kupanda.

Sisi wengine tukilicheza hukimbilia kazi tunazopewa humo ndani. Zuhura hakujali kazi hizo. Yeye alitembea. Alimpata farasi, akamwita Kidawa. Akapata nyumba kando ya mto. Alijua wanawake wa kile kijiji cha kwenye gemu huteka maji saa ngapi, na mvua ikinyesha wanajificha wapi. Kulikuwa na kilima chenye mti mmoja juu, akakipa jina: Kwa Baba. Kila siku kabla ya kuzima mashine alipanda hadi kule, akasimama kidogo, ndipo akazima.

Miaka mitatu alitembea humo. Mama alikuwa akisema, "Mwache, leo amerudi na uso wa mtu aliyetoka safari."

Mimi nilikuwa na chaneli yangu ya video. Nilizungumzia magemu, na watu wa kunifuatilia nilikuwa nao, si haba. Lakini nilikuwa nimechoka! Nimecheza magemu ya ramani kubwa mpaka yamenitoka puani. Unafungua ramani, alama zimejaa kama upele... peleka barua, okota manyoya, panda mnara, ua majambazi, rudi, okota tena. Nilikuwa namaliza gemu kama mtu anayeosha vyombo vya shughuli, bila furaha, nikitaka tu viishe.

Kwenye video nilisema, "Haya magemu siku hizi ni kama shamba la mvivu. Ekari nyingi, mazao hakuna!" Watu walipenda sana. Basi nikageuka yule mtu wa kulalamika. Kila wiki nilikuwa na gemu la kuliponda.

Sikukuu moja nilirekodi nikiwa nyumbani Marui, Zuhura akiwa pembeni yangu. Nikamwaga maneno yangu yaleyale ya kuchoka. Nilipomgeukia nimwulize yeye anaonaje, akacheka taratibu.

"Kaka, wewe umechoka kwa sababu una miguu," alisema. "Ukitoka hapa unakwenda Kibaha, kesho Mlandizi, unaiona dunia bure. Mie ninayo hiyo ya kwenye tivii tu. Unasema ni kubwa mno? Mie naiona ndogo."

Jamani... ile video ilitazamwa kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Na si kwa ajili yangu! Maoni yote yalikuwa yake. "Mlete dada!" "Broo, dada amekufunga mdomo." "Wewe kaa pembeni, mwache dada aongee."

Wivu ulinishika, siwafichi. Lakini kulikuwa na kitu kibaya zaidi ya wivu. Lile neno "miguu" lilinichoma. Nilijiambia kwamba amenisema mbele za watu, amenishitaki kwa ujanja, baada ya kukaa kimya miaka yote ile. Leo najua hakuwa na nia hiyo. Lakini mwenye hatia akisikia jani limedondoka hudhani anaitwa jina.

Nikapanga video nyingine. Nilitaka kuwaonyesha watu kwamba muda wote unaotumia kwenye magemu yale ni bure. Ukifutwa, hakuna kinachopungua duniani. Na wa kumtumia kama mfano nilikuwa naye nyumbani.

Nilikwenda Marui siku ambayo Mama alimpeleka Zuhura kliniki. Nikaweka simu kabatini, katikati ya vikombe, ikirekodi. Nikawasha mashine, nikatafuta kumbukumbu zake zote, pamoja na nakala ya akiba niliyomwekea mwenyewe. Mashine iliuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Nikabonyeza tena, natabasamu!

Walirudi mchana. Zuhura alikuwa amechoka na kliniki, akaomba asogezwe kwenye tivii hata kabla ya kula. Gemu lilifunguka, likamwonyesha mwanzo mtupu, kama mtu ambaye hajawahi kulicheza. Akadhani amekosea. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha.

Kisha akanigeukia. "Kaka... Kwa Baba kumekwenda wapi?"

Nikaangua kicheko. Ndiyo, wasomaji wenzangu, nilicheka! Nikaelekeza uso kwenye ile simu kabatini, nikasema, "Mnaona? Miaka mitatu imefutika, na kuku wa Mama bado wanadonoa nje kama kawaida!"

Zuhura aliiona simu. Aliichukua pedi ya kuchezea, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake, akaizungushia waya wake vizuri, akampa Mama. "Iweke mahali, Mama." Basi.

Na mimi video nikairusha jioni ileile.

Mwanzoni walicheka. Kisha mama mmoja akaandika, "Mbona binti amekaa kwenye kiti cha magurudumu? Huyu ni yule dada aliyesema habari ya miguu?" Kicheko kikaanza kupungua. Halafu mtu wa Kisarawe aliyetufahamu akaandika, "Huyo kaka ndiye aliyemwangusha na pikipiki. Amemmalizia."

Nilifuta video, lakini wapi! Ilikuwa imeshasambaa kwenye makundi ya simu. Vijana wa mtaani wakanibatiza jina: Mfutaji. Nikipita wanaita, "Mfutaji, njoo ufute deni langu dukani!" Wateja wa chumba cha magemu wakataka nisiguse mashine wanazochezea. Tajiri wangu akaniambia kwa upole kabisa, "Athumani, nakuelewa, lakini kesho usije." Nikaifunga chaneli. Niliyemtaka aaibike alikuwa amekaa kwake kimya, na aibu yote imeniangukia mimi.

Mama aliniita nyumbani. Akaniketisha mkekani.

"Athumani, mie gemu silijui," alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiye na shule. Ulichokifuta ni kitu gani?"

Nikasema, "Ni mahali alipokuwa akitembea, Mama."

Alikunja na kukunjua ncha ya kanga. Kisha akasema, "Kwa hiyo umemwangusha mara ya pili."

Hajawahi kunikalisha kuzungumza tena tangu siku ile.

Nilihangaika kurekebisha. Mlandizi kuna fundi wa simu na mashine za gemu anaitwa Nassoro, mtu wa kijiji cha Janga, mpole. Nilimchukua hadi Marui ajaribu kuzirudisha zile kumbukumbu. Alishinda na mashine ile mchana kutwa. Mwisho akatikisa kichwa. Hakuna kilichobaki.

Lakini kabla hajaondoka alimwuliza Zuhura, "Kulikuwaje huko?" Na Zuhura, ambaye kwa miezi alikuwa hasemi ila "ndiyo" na "hapana", akaanza kusimulia. Mto, farasi, kilima. Nassoro alisikiliza mpaka chai ikapoa. Wiki iliyofuata akarudi mwenyewe, hakuwa na kazi yoyote pale. Na iliyofuata akarudi tena.

Mimi je? Kila nilipokwenda Zuhura aliniambia, "Shikamoo kaka." Naitika marahaba, nasubiri. Hakuna kingine. Mwaka mzima neno moja tu! Tusi ningelipokea kwa mikono miwili.

Nassoro akaleta posa. Nilifurahi sana, nikajiambia sasa mambo yatanyooka. Baba hayupo, babu hayupo, mimi ndiye kaka, kwa hiyo mimi ndiye walii wa kumwozesha mdogo wangu. Nikanunua kanzu mpya. Nikayakariri maneno ya kuozesha mpaka nikawa nayasema nikifyatua matofali.

Siku ya ndoa, watu wamejaa barazani, shehe akauliza, "Walii wa bibi harusi yuko wapi?" Nikanyoosha mkono, nikasogea. Baba mdogo Selemani akaniinamia sikioni. "Mwanangu, Zuhura ameomba umpe mtu mwingine uwakala. Amesema hataki kuozeshwa kwa sauti yako."

Shehe alisubiri. Nassoro aliangalia chini. Watu wote wa Marui walinitazama... na sheria ilitaka nitamke kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikasema, "Nimempa uwakala baba mdogo." Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akakohoa. Baba mdogo akaukamata mkono wa Nassoro, akaozesha, na mimi katika kanzu yangu mpya nikaitikia amina na watu wengine.

Walipokuwa wakimpakia kwenye gari kwenda Janga, nilipiga magoti kando ya kiti chake. "Zuhura, nisamehe."

Aliniangalia. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nilishakusamehe zamani, kaka. Sitaki Mungu anidai," alisema. "Lakini kwangu usije."

Hivi sasa ana mtoto wa kike. Nilisikia kwa watu. Janga si mbali na hapa ninapokaa, hata nauli si kitu, lakini sijui nyumba yake inatazama upande gani.

Vijana wenzangu mnaocheza, mnaotengeneza video, mnaopenda kuchekesha watu kwa mgongo wa ndugu zenu... nawaomba. Ukichoka na kitu, kiweke chini uondoke. Kuchoka si dhambi. Dhambi ni kumwona mwenzako bado anakifurahia, roho ikakuuma, ukaenda kumvunjia. Usimrekodi mtu wako akiumia! Wale wanaocheka nawe leo hawatakusindikiza kesho kwenda kupiga magoti.

Na wewe uliyemkosea mdogo wako, na bado anakwambia "shikamoo", nenda leo ukamwombe radhi. Mimi siku hizi hata hiyo shikamoo siipati.